Mtoto Aliyejibu Sijambo

Baridi ya Sumbawanga mgeni huisikia masikioni. Sisi wenyeji tunaisikia kwenye mifupa, na mwanangu Kabula alikuwa anaisikia kwenye kila kiungo alichopewa na Mungu. Ukiwa na mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa ambao wengi mtaani wanauita siko seli, unaanza kuuchukia mwezi wa sita kabla haujaingia. Wenzako wanafurahi mahindi yamekauka shambani, wewe unatafuta blanketi jingine. Haya nayaandika kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi la kliniki asubuhi, umempakata mtoto mwenye macho ya njano, umejitanda khanga na bado unatetemeka. Mambo ya damu utaelezwa na daktari. Mimi nakueleza yale ambayo hakuna mtu aliyenieleza.

Mimi ni Mfipa wa hapahapa, mzaliwa wa Malangali. Nafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, nyumbani kwetu Chanji. Mume wangu, Masanja, ni Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao tangu zamani wakaja kukaa bondeni, kule chini karibu na Ziwa Rukwa, ambako jua linawaka mwaka mzima. Yeye kazi yake ni kununua mahindi Laela na kuyapakia kwenye malori, kwa hiyo wakati wa mavuno, ambao ndio wakati wa baridi, ndio anakuwa mbali na nyumbani. Ratiba hiyo nadhani Mungu aliipanga siku aliyokuwa amekasirika.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Kabula alikuwa hajaanza kutembea, viganja na nyayo vikavimba kama maandazi, ukimgusa analia mpaka anakosa sauti. Wapo waliosema ni baridi, wapo waliosema ni jicho la mtu. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniletea mafuta ya kondoo nimchue, nikamchua, na mtoto akalia zaidi. Ugonjwa ulipojulikana jina, ukaja ugomvi mwingine: umetoka ukoo gani? Ndugu zangu walisema hayo ni magonjwa ya watu wa ziwani. Ndugu wa Masanja walisema kwao watoto wote wazima, tukaulizane huko kwa Wafipa. Daktari akatuita, akatuambia umetoka kwa baba na kwa mama, sawa kwa sawa. Hakuna aliyefurahi. Nafikiri tungepewa mtu mmoja wa kumlaumu tungepata nafuu kidogo.

Mama mkwe wangu alikuwa na hoja moja, na ilikuwa ya kweli. Baridi inamuumiza mtoto, basi aondolewe kwenye baridi.

"Mleteni huku," alisema kwenye simu. "Huku hata mbuzi hawajui baridi ni nini."

Tukampeleka bondeni akiwa bado mdogo. Mwanzoni alinawiri, akawa anakimbizana na ndama, na mimi huku juu nalia kwa furaha na kwa wivu. Kisha mvua zikaja na mbu wake, malaria ikampata. Walimpandisha kwenye lori lililobeba mpunga, bibi yake amemshika, midomo imekuwa myeupe kama ya mtu aliyekula unga. Aliongezewa damu, na macho alipoyafumbua hakunitambua mara moja. Hapo ndipo nilipoelewa hali yetu ilivyo. Huku juu baridi, kule chini mbu. Katika mkoa mzima wa Rukwa hakuna mahali palipoumbwa kwa ajili ya mtoto wangu.

Basi tukaanza kuishi na neno hilo, bondeni. Kila Kabula akilalamika goti au kiuno, Masanja alisema, "Ashuke bondeni," nami nikasema, "Hashuki." Alisema mimi namtesa mtoto kwa ubishi wa Kifipa. Nilisema yeye anataka kumzika kwa mapenzi ya mama yake. Tulikuwa tunagombana kwa sauti ya chini, chakula kinapoa mezani, tukijidanganya kwamba mtoto chumbani anadhani tunaongea habari za mahindi. Wakati mwingine Masanja alinyanyuka bila kula. Wakati mwingine nilinyanyuka mimi. Mdogo wake Kabula, ambaye hana ugonjwa, alizoea kumaliza ugali peke yake.

Sasa niseme jambo la salamu. Kwetu mtoto wa kike anafundishwa kusalimia kabla hajafundishwa kufagia. Anapiga goti, anapiga viganja taratibu, anaulizwa hali, anajibu vizuri. Na kujibu vizuri maana yake ni kusema hali ni nzuri. Hata mtu aliyetoka kufiwa, ukimuuliza habari za nyumbani, anaanza na nzuri. Nzuri, ila tumefiwa. Ndivyo tulivyo, na sioni haya kuwa hivyo. Kabula alikuwa na adabu hiyo kuliko watoto wote wa mtaa wetu. Padri alimsifu. Bibi wa bondeni alisalimiwa kwa Kisukuma, "Mwangaluka," mpaka akatokwa na machozi. Kliniki, nesi akimuuliza hujambo wakati anamtafuta mshipa kwa mara ya pili na ya tatu, alijibu, "Sijambo, shikamoo." Manesi walimpenda mno.

Watafiti walikuja na mvua za kwanza, wakati watu wanapanda mahindi. Walikuwa wawili, lakini aliyekuwa anakuja kwetu ni dada mmoja aitwaye Eliwaza, mwembamba, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Nilimwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa anasikia baridi.

"Mama Kabula, sisi siyo madaktari," aliniambia. "Tunasomea saikolojia, mambo ya namna mtu anavyobeba jambo moyoni. Tunataka kujua familia inaishije pale mtoto anapokuwa na ugonjwa usioisha."

"Mmesafiri mpaka huku kuja kuuliza hilo?" nikamjibu, mashine yangu inakwenda. "Tunaishi tu. Andika hivyo, ukapumzike."

Akacheka, lakini hakuondoka. Akauliza ugonjwa umebadilisha nini ndani ya nyumba. Nikasema tumezoea. Akamuuliza Masanja, siku hiyo alikuwepo, naye akasema tunamshukuru Mungu. Akauliza kama kuna jambo tunatofautiana. Tukatazamana mimi na Masanja, watu ambao usiku uliotangulia tulilala tumepeana migongo, tukasema hapana, tunaelewana vizuri. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tulikubaliana kwenye jambo.

Kabula alipewa kadi zenye sura zilizochorwa, kuanzia sura inayocheka mpaka sura inayolia. Eliwaza alimwomba aonyeshe maumivu yake ya siku ile yakoje. Nilikuwa nafuma huku jicho langu liko kwao. Kabula aliinua macho akanitazama kwanza, kisha akaweka kidole kwenye sura inayocheka. Nikashukuru. Nilimwona Eliwaza anamwangalia mtoto, halafu ananiangalia mimi. Alirudi tena mara kadhaa msimu ule wa mvua, na kila mara kidole kilikwenda kwenye sura ileile.

Kipupwe kikaja. Ilikuwa Jumapili. Kabula alinisalimia asubuhi, nikamuuliza ameamkaje, akasema salama. Nilimvalisha masweta mawili juu ya gauni, niliyoyafuma mwenyewe kwa uzi mzito, tukaenda misa. Nilimwona amechelewa kusimama wakati wa Injili, nikamfinya kidogo begani, akasimama. Kwenye Kanuni ya Imani akaniegemea. Nikadhani ni usingizi. Kisha uzito wake wote ukanijia, na nilipomgeuza niliona tundu za pua zinapanuka na kubana, na mbavu chini ya masweta yangu zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

Hospitali tulikuta benchi limejaa. Karibu yetu kulikuwa na mtoto wa kiume aliyeungua na uji, anapiga kelele hata madirisha yanaitika. Nesi akatoka mbio, akasimama mbele yetu, akamwinamia Kabula. "Hujambo, mtoto mzuri?"

Kabula akafungua macho. Alikusanya pumzi, nilimwona anaikusanya kama mtu anayeokota punje zilizomwagika, akasema, "Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba," akasema nesi, akamgeukia yule anayelia.

Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Hata mimi mama yake, nimemshika mikononi, niliposikia lile jibu moyo ulitulia kidogo. Tulikaa pale, benchi likipungua na kujaa tena, mpaka daktari kijana aliyekuwa anapita kwenda zake aliona rangi ya kucha za Kabula akambeba mwenyewe kwa mikono yake.

"Ameanza lini?" aliniuliza wakati wanamfunga oksijeni.

"Leo, kanisani."

Akamgusa mtoto kifuani, akamgusa nyonga, Kabula akajikunja. "Hii haijaanza leo, mama. Huyu ana siku kadhaa anaumwa. Kwa nini mmechelewa hivi?"

Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja siku zote hizo, nikamwogesha, nikamsuka. Kama kuna maswali yanayomuua mtu akiwa amesimama, basi hilo ni mojawapo.

Masanja alifika kutoka Laela, vumbi la mahindi bado liko kwenye nyusi. Alikuja na vijana wake wa kupakia magunia wajitolee damu, maana tuliambiwa itahitajika na iliyopo ni ya kubahatisha. Walikuwa wamejazana nyuma ya gari dogo, wakubwa wa mabega, waoga wa sindano, mmoja akazirai kabla hajachomwa. Nilicheka. Mpaka leo sijui kicheko kile kilitoka wapi. Walipomaliza walikuja mmoja mmoja kunipa pole, wakaenda zao kuwahi malori, na sitawasahau.

Kesho yake akaja mama mkwe kutoka bondeni. Naye alitaka kutoa damu, akaambiwa umri umempita. "Damu yangu hamuitaki, basi ng'ombe mtamtaka?" akamuuliza mtu wa maabara. Lakini utani ulimwisha alipomwona mjukuu wake. Kabula alikuwa amekuwa mdogo ndani ya shuka, miguu myembamba kama ya kifaranga, tumbo limejaa upande mmoja, macho ya njano hayatulii. Bibi alitoka wodini akatukuta kwenye varanda.

"Akipona naondoka naye," akasema. "Sirudi peke yangu."

"Ili mbu wammalizie?" nikasema.

"Na hapa amefanywa nini?" Masanja akadakia. "Mwangalie! Nimekuwa nakwambia mwaka wa ngapi huu? Akipona anashuka bondeni, na kama wewe hutaki, baki na mashine yako."

Watu waliokuwa wanaanua nguo zao kwenye majani waligeuka kutuangalia. Nilimwambia Masanja maneno ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani na mimi nifungwe oksijeni, nilale, mtu mwingine aamue. Niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika: kulikuwa na saa moja pale varandani nilipoomba Mungu afanye haraka, kwa vyovyote vile, ili tu kusubiri kuishe. Kama umewahi kuomba ombi hilo, hauko peke yako, na mtoto wako hajadhurika kwa sababu yake.

Eliwaza alisikia habari zetu kliniki akaja. Nilipomwona na koti lake nilipandwa na hasira. "Leo sina majibu," nikamwambia. "Kaulize wengine."

"Sijaja kuuliza, mama." Akakaa chini ukutani karibu nami, akanimiminia uji wa ulezi kutoka kwenye chupa. Ulikuwa na madonge, inaonekana aliukoroga mwenyewe. Nikaunywa wote.

Siku zikaenda hivyo, mfuko wa damu mmoja, kisha mwingine. Asubuhi moja jua limeingia mpaka kitandani, Kabula aliondolewa oksijeni, na mtu wa kwanza aliyemtaka hakuwa mimi. Alimtaka dada wa picha. Eliwaza akaja na kadi zake, nikawaacha, nikasimama mlangoni. Walinong'ona kwa muda. Kisha Eliwaza akatoka akatuita wote watatu, mimi, Masanja na bibi.

"Kabula ana neno," akasema. "Ni lake, siyo langu. Ameniomba nikae naye akiwa analisema. Ameomba pia msigombane mpaka amalize."

Tukaingia tukasimama miguuni pa kitanda. Kabula alizitandaza kadi juu ya shuka, akaweka kidole kwenye sura ya mwisho, ile inayolia.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Tangu zamani."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?" nikauliza.

Akamtazama Eliwaza, kisha akatutazama sisi. "Nikisema naumwa, baba anasema bondeni, mama anasema hapana, halafu hamli. Nikisema sijambo, mnakula."

Masanja alitoka nje, nikamwona kupitia dirishani ameshika kamba ya kuanikia nguo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia lori lisirudi nyuma. Mimi nilipiga magoti sakafuni nikashika miguu ya mtoto wangu, ile miguu ya kifaranga, nikalia kama ninavyotakiwa kulia msibani. Mama mkwe ndiye aliyebaki amesimama. Alizitazama zile kadi.

"Kumbe tulikuwa tunamfundisha mtoto kufa na adabu zake," akasema.

Hakuna aliyeshinda ule ugomvi wa bondeni. Bibi mwenyewe aliumaliza kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifikiria: alipanda yeye. Aliwaachia wanawe ng'ombe, na sasa kila kipupwe kinapokaribia anakuja Chanji na magodoro yake, analala na Kabula blanketi moja, mwili wake wa bondeni ukimpasha mtoto joto. Anakichukia kila kitu cha huku juu. Anasema maji yetu yanauma meno na watu wetu wanasalimiana mpaka jua linazama. Mimi na yeye tunagombana juu ya chumvi kwenye mboga, kwa sauti kubwa, mbele ya watoto, na tunakula.

Sheria mpya ya nyumba yetu aliiweka Masanja. Asubuhi kila mtu anaulizwa ameamkaje, na hairuhusiwi kusema salama kama siyo salama. Usifikiri ni rahisi. Mwanzoni Kabula alikuwa anafungua mdomo, neno linakwama, anatazama nyuso zetu kama zamani. Nasi tulijifunza kukaa na nyuso zetu zikiwa zimetulia, na kuendelea kutafuna, hata ugali unapogeuka kuwa mchanga mdomoni. Akisema goti, tunachemsha maji. Akisema kifua, tunaondoka wakati huohuo, hata kama ni misa, hata kama ni mahindi.

Sitakudanganya kwamba amepona. Huu ugonjwa haujaondoka na mimi sijaacha kuuogopa. Nyonga ya kushoto imeharibika, anatembea kwa kuchechemea, wenzake wamempita kimo na madarasa. Kuna vipupwe alivyolazwa, kuna kimoja alichopita bila kulazwa, tukachinja kuku. Yule niliyezoea kukaa naye kwenye benchi la kliniki, mama mmoja wa upande wa Laela, sasa haji tena, na ninajua kwa nini, na siwezi kumpigia simu. Nikiamka kabla ya wengine nasikiliza kwanza pumzi zake na za bibi yake, nazitenganisha, ndipo nashuka kitandani.

Eliwaza alirudi mwaka mmoja baada ya siku zile za wodini. Ilikuwa baridi kali, asubuhi mbaya kuliko zote za mwezi ule. Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na jiko, chupa ya maji ya moto kwenye nyonga, amesema mwenyewe alfajiri kwamba leo ni sura ya pili kutoka mwisho. Bibi alikuwa anamkanda mgongo. Masanja alikuwa anamtafuta mtu wa gari. Nikasikia hodi, nikafungua, nikamkuta dada wa watu amesimama ndani ya koti lake lilelile, anatabasamu.

"Shikamoo, mama Kabula. Habari za hapa?"

Mdomo wangu ulikuwa na neno lake tayari, lile nililofundishwa na mama yangu, naye na mama yake. Nyuma yangu nikasikia mkeka ukichakacha. Nikageuka. Kabula alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mkeka, ananitazama usoni, anasubiri kuona nitajibu nini.

"Mbaya," nikasema. "Karibu ndani."

Kabula akarudisha kichwa chini, akajisogeza kidogo kwa uchungu, akampisha mgeni nafasi ya kukaa.